Mustang Mbili za Kijani: Ushauri kwa Anayeunda Magari ya Filamu

Mwaka 1968, filamu ya Bullitt ilipokuwa ikipigwa San Francisco, mafundi walikabidhiwa Ford Mustang GT mbili za kijani, injini V8, namba za chesi zikifuatana. Kwa nje zilikuwa Kulwa na Doto. Maisha yao hayakufanana hata kidogo. Moja ilipewa kazi ya kuruka vilima vya mji ule hadi ikachakaa, ikaishia kwenye skrepa, na mwaka 2017 ikatambuliwa huko Baja California, Mexico, ikiwa gofu. Nyingine ilitunzwa kwa picha za karibu. Mwaka 1974 ilinunuliwa na familia moja ya New Jersey kwa dola 6,000, ikawa gari la kwendea kazini. Steve McQueen, stelingi wa filamu hiyo, aliandika barua mwaka 1977 kuomba auziwe. Hakuuziwa. Januari 2020 gari hilohilo lilipigwa mnada Kissimmee, Florida, kwa dola milioni 3.74.

Nakuanzia na hizo mbili kwa sababu kijana anayetaka kuunda gari la filamu ya mashindano, nikimuuliza anaunda magari mangapi, hunitazama kama sikumsikia. Moja, atasema. Ana picha yake kwenye simu: Dodge Charger ya 1970, nyeusi, boneti ndefu kama meza ya harusi. Ni gari zuri kweli. Lakini gari moja ni la kupigia picha za ukumbusho. Filamu ya mbio inahitaji ukoo mzima, na kila mwanaukoo anazaliwa na kazi yake.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, shika skripti na kalamu nyekundu. Pitia kila tukio ambalo gari limo, uandike pembeni linafanya nini hasa. Limeegeshwa stelingi anashuka? Linapita kwa kasi? Linateleza konani? Linaruka? Linagongwa? Kamera iko ndani na waigizaji wanazungumza? Ukimaliza utaona orodha inajipanga yenyewe. Lipo gari la sura, ambalo kila msumari wake utaonekana. Yapo ya stanti, mawili au matatu, yanayofanana nalo kuanzia hatua kumi kwenda nyuma. Lipo la kufungia kamera, ambalo huenda likakatwa paa au mlango. Na lipo la kufa. Katika Vanishing Point ya mwaka 1971, Dodge Challenger nyeupe inakimbizwa filamu nzima, halafu mwishoni linalolipuka ni bodi la Chevrolet Camaro lililovutwa kwa kamba. Watu wengi wameangalia tukio hilo miaka na miaka bila kugundua, kwa sababu moto haukai kwenye skrini muda wa kutosha kukupa nafasi ya kukagua. Gari la kufa halihitaji kuwa la aina ileile. Linahitaji rangi ileile na umbo linalokaribia, basi.

Tuingie gereji.

Magari ambayo Wamarekani huyaita ya misuli yalikuwa na hesabu rahisi: chukua bodi ya ukubwa wa kati, tumbukiza injini kubwa ya V8, uza kwa bei ambayo kijana mwenye ajira anaimudu. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ndiyo hutajwa kuwa iliyofungua mlango; miaka kumi baadaye bima, sheria za moshi na bei ya mafuta vilikuwa vimeufunga. Maana yake kwako ni hii: unashughulika na mabati yenye umri wa babu. Charger na Mustang za miaka ile hazina chesi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Ukifunga injini yenye nguvu maradufu bila kuunganisha reli za mbele na za nyuma kwa chuma, siku ya tatu milango itakataa kufunga na kioo cha mbele kitapata ufa bila kuguswa na jiwe. Anzia chini. Piga nyundo kila kona yenye kutu, na usimwamini muuzaji aliyepaka lami nyeusi chini ya gari eti kulilinda. Lami ile inaficha mambo.

Kuhusu injini, hapa ndipo wapenda magari wanapogombana. Dennis McCarthy, anayesimamia magari ya mfululizo wa Fast & Furious tangu Tokyo Drift ya mwaka 2006, kwa miaka mingi amekuwa akifunga injini ya General Motors aina ya LS3, lita 6.2, kwenye magari ya stanti, hata yakiwa Dodge. Kwa mtu wa Dodge hilo ni kama kupika pilau ya mchele wa mbitimbiti. Lakini fikiria saa 8 usiku, barabara imefungwa kwa kibali kinachoisha alfajiri, watu mia wanakusubiri, na Charger namba tatu imegoma. Kama magari yote yana injini moja, gia boksi moja na difu moja, fundi anachomoa kifaa kwenye namba tano inayopumzika na kazi inaendelea. Kama kila gari lina injini yake ya kihistoria, fundi anaanza kutafuta simu za watu. Boneti ikifungwa, kamera haijui kilichomo. Gari la sura ndilo lenye haki ya kuwa na injini yake halisi, kwa sababu ndilo litakalofunguliwa boneti.

Gari la stanti lina mahitaji yake ya lazima, na nakusihi usiyapunguze. Difu ifungwe ili matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Hapo ndipo mteleza wa konani unapopatikana kila dereva anapoutaka, badala ya kuja siku unayojisikia. Handibreki iwe ya mafuta, yenye mtungi wake na mpini mrefu ulio karibu na usukani. Kabini iwe na fremu ya mabomba ya chuma iliyochomelewa na mtu anayejua kuchomelea, si rafiki mwenye mashine. Ipakwe rangi nyeusi ya mufu na isogezwe karibu na nguzo za milango ili lenzi isiione. Tanki la kiwandani litoke, liingie dogo la usalama lenye sponji ndani, nalo uliwekee lita chache tu za tukio moja. Mkanda wa pointi tano. Mtungi wa kuzimia moto unaofikika umefungwa mkanda. Swichi ya kukata umeme, moja ndani na moja nje, na kila mtu kwenye seti aonyeshwe ile ya nje ilipo. Mfuko wa hewa na breki za kompyuta, kama gari ni la kisasa, vizimwe, maana vitaamua mambo yao wakati dereva ameshaamua yake.

Breki watu huzisahau kabisa. Wanatumia fedha zote kwenye kwenda. Dereva wa stanti anatakiwa kusimama kwenye alama ya chaki, mara ishirini mfululizo, breki zikiwa za moto, na kamera imelazwa mita mbili mbele ya alama hiyo. Muulize anachotaka kwanza. Atakwambia breki kabla hajakwambia injini.

Max Balchowsky, aliyezitayarisha zile Mustang za Bullitt, kazi yake kubwa ilikuwa chini ya gari: kuimarisha sehemu zinazoshika springi za mbele, kubadilisha springi na shokapu. Aliona Dodge Charger nyeusi ya maadui wa filamu hiyo haihitaji kuguswa sana kwenye injini. Vilima vya San Francisco vilikuwa vinaua miguu ya magari, si moyo.

Sasa rangi. Changanya rangi ya magari yote siku moja, kwenye ndoo moja, na ubakize lita kadhaa kwenye kopo lililofungwa vizuri na kuandikwa jina. Rangi ya ndoo ya pili haifanani na ya kwanza hata muuzaji akuapie, na jua la saa 6 litakuumbua. Nyeusi ya kung'aa ninaiogopa kuliko zote. Mlango mweusi ulionyooshwa vizuri ni kioo: utamwona mpiga kamera, taa zake, mtu wa chai na kofia yake. Mng'ao huo unaweza kuufifisha kwa dawa ya kupuliza inayofutika, lakini itakula muda wako kila asubuhi. Nyeupe ya Challenger ilifaa kwa sababu ilikuwa inakimbia jangwani na kwenye mabonde ya rangi ya udongo, jicho haliipotezi. Na ile Mustang ya McQueen walifanya kinyume cha wanavyofanya vijana wetu: walitoa nembo, wakang'oa hata farasi wa kwenye grili. Gari likabaki na sura ya mtu asiye na maneno mengi. Kabla hujaongeza spoila ya tatu, jaribu kutoa kitu.

Hapa niungame kosa langu. Tulikuwa na gari la zamani tulilolinyoosha kwa haraka kwa ajili ya video ya muziki, puti nene upande wa boneti, rangi ina siku mbili. Mpiga kamera akabandika vile vikombe vya mpira vinavyonyonya, akapiga picha zake safi kabisa, gari likipita kwenye matuta. Jioni alipovuta vikombe, kimoja kikaja na rangi, puti na kila kitu, kipande cha ukubwa wa chapati, bati likabaki uchi. Hakuna aliyesema neno. Tangu siku hiyo, kila gari la kufungia kamera nalichomelea vishikio vya chuma kwenye fremu kwa ndani, vyenye matundu ya bolti yanayotokeza pale kamera itakapokaa, na matundu hayo yanazibwa kwa vifuniko vya plastiki gari likipigwa picha kwa nje. Kamera isining'inie kwenye rangi.

Upande wa kupiga picha, jambo la kwanza la kulifuta kichwani ni kwamba kasi inatoka kwenye kipima mwendo. Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa kwenye uwanja mtupu, ukilipiga kutoka mbali, linaonekana linatalii. Lilelile likienda 60 kwenye uchochoro, kamera ikiwa sentimita thelathini kutoka ardhini kwa lenzi pana, ukuta ukipita karibu na bampa, watazamaji wanashika viti. Jicho linapima kasi kwa vitu vinavyopita karibu: nguzo, miti, kingo za barabara, magari yaliyoegeshwa. Chagua barabara kwa sababu hiyo kabla ya kuichagua kwa lami yake. Bullitt walikuwa wamepanga kwenda kama kilomita 120 hadi 130 kwa saa, wakajikuta wamevuka 170, na hilo linasimuliwa kama sifa. Lakini kinachokukaa kichwani ni vile vilima, gari likizama na kuibuka, na usukani ukionekana kutoka kiti cha nyuma.

Kisha kuna hesabu ya fremu. Sinema ni picha 24 kwa sekunde. Ukipiga kwa 22 au 20 na kuonyesha kwa 24, mwendo unaongezeka kidogo bila mtu kushtuka. George Miller alicheza na kasi ya fremu katika sehemu kubwa ya Mad Max: Fury Road, iliyopigwa kwenye jangwa la Namib huko Namibia. Usizidishe, na usifanye hivyo kama kuna watu wanatembea nyuma ya gari, kwa sababu watatembea kama vifaranga. Rimu nazo zina visa vyake: spoki zikizunguka karibu sawa na zamu ya fremu, gurudumu litaonekana limesimama au linarudi nyuma. Punguza au ongeza mwendo kidogo, litapona.

Wanaotumia kamera ndogo na simu wana ugonjwa mmoja. Juani, kamera inajifunga yenyewe na kupiga kila fremu kwa muda mfupi mno. Picha inatoka kali, kavu, inarukaruka, na gari linakosa ule ukungu wa mwendo unaodanganya jicho. Funga kioo cheusi mbele ya lenzi, uilazimishe kila fremu iwe wazi kwa takribani sehemu moja ya 48 ya sekunde. Kioo hicho ni cha bei ndogo kuliko tairi moja. Na ukiwa unapiga waigizaji kupitia kioo cha mbele, tumia kichujio cha kuua mng'ao, ukizungushe mpaka mawingu yatoke usoni mwa stelingi.

Mwigizaji asiendeshe. Najua anajua kuendesha, na najua ameshaweka picha ya usukani kwenye mtandao. Wamarekani wamehangaika sana kutafuta njia ya kuonyesha uso wake bila kumpa gari. Njia moja ni kumfunga dereva wa kweli juu ya paa, kwenye kijumba cha mabomba chenye usukani na pedali zake, na mwigizaji chini anazungusha usukani usioungana na kitu. Nyingine ni jukwaa lenye injini na magurudumu yake, kabini ya dereva ikihamishwa pembeni, na gari la filamu likibebwa juu kama mzigo. Lilitengenezwa kwa ajili ya Seabiscuit ya mwaka 2003, filamu ya farasi, na likatumika tena kwenye Ford v Ferrari. Kwa bajeti ya kawaida, trela fupi inayovutwa na pikapu inatosha kwa mazungumzo yote, mradi iwe chini kiasi kwamba macho ya mwigizaji yako kwenye kimo cha magari mengine. Ikiwa juu mno, itaonekana anaendesha basi.

Filamu hiyo ya Ford v Ferrari ina habari ambayo wengi wetu hatukuwa nayo: baadhi ya nakala za GT40 zilizotumika zilikuwa za Superformance, ambazo hujengwa Gqeberha, Afrika Kusini, mji tuliozoea kuuita Port Elizabeth. Chuma na faiba za bara hili zilikimbia Le Mans ya kuigiza. GT40 si gari la misuli kwa maana halisi, lakini anayeambiwa kazi hii haiwezekani upande wetu wa dunia anaweza kuitaja.

Kuruka nitakuambia kifupi. Gari lenye V8 mbele, likiondoka ardhini, linachungulia chini kama kuku anayetafuta punje, kwa sababu uzito wote uko puani. Wale wa The Dukes of Hazzard, tamthilia iliyomaliza Charger kwa mamia, walikuwa wanajaza uzito kwenye buti ili mkia ushuke. Hata hivyo gari linalotua vizuri kwenye skrini huwa limekufa. Picha inakatwa, na lingine zima linaingia kuendelea. Kwa hiyo kila mruko ni gari. Uhesabu hivyo kwenye bajeti, na umwache mtaalamu wa stanti apige hesabu ya jukwaa.

H. B. Halicki alipotengeneza Gone in 60 Seconds ya mwaka 1974, aliharibu magari 93 na kuendesha mwenyewe Mustang yake ya njano. Kwenye mruko wa mwisho, wa futi 128, aliumia uti wa mgongo, na alipona. Mwaka 1989 alikuwa akitayarisha tukio la filamu ya kuendeleza ile, jimbo la New York. Hakuwa kwenye gari. Kebo ya mnara wa maji uliotakiwa kuanguka ilikatika kabla ya wakati, ikakata nguzo, nguzo ikamwangukia, akafa. Kila ninapotayarisha siku ya stanti hutenga saa nzima kutazama vitu vilivyosimama tu: kebo, jukwaa, taa, kamba, watoto wa mtaa walioparamia ukuta. Dereva ana fremu ya chuma na mkanda wa pointi tano. Mtu wa kubeba maji hana.

Mwendelezo utakutesa. Katika Bullitt, gari moja la Volkswagen la kijani linapitwa tena na tena kwenye barabara ileile, na Charger inapoteza vifuniko vya rimu vingi kuliko magurudumu yake. Wamesamehewa, kwa sababu Frank P. Keller aliunganisha vipande vile kwa ustadi uliompatia Oscar. Wewe usitegemee msamaha. Piga picha kila gari pande nne kabla na baada ya kila tukio, pamoja na matope yake. Matope hasa. Weka ndoo ya udongo uleule wa eneo, ili gari namba nne lichafuliwe lifanane na namba mbili.

Mwisho kwenye ratiba, ingawa ungepaswa kuupangia mapema, ni mlio. Ule unaorekodiwa siku ya kupiga picha una upepo, jenereta na mtu anayepiga kelele kwenye redio. Tenga alfajiri moja, barabara tupu, gari la sura lenye injini yake ya kweli. Maikrofoni moja karibu na ekzosi lakini pembeni ya hewa yake, moja ndani ya boneti mbali na feni, moja kabini nyuma ya kiti. Dereva apande gia moja moja, ashuke, asimame, awashe, azime, aache injini ipoe. Rekodi hata ule mlio wa chuma kinachopoa, tik, tik, tik. Kisha umshawishi mtunzi wa muziki anyamaze. Lalo Schifrin ndiye aliyeutunga muziki wa Bullitt, na kwenye mbio zenyewe hakuweka hata noti moja. Muziki unapanda taratibu magari yakifuatana mitaani, dereva wa Charger anafunga mkanda, tairi zinalia, na kuanzia hapo ni V8 mbili peke yake.

Na zile namba za chesi, ziandike zote kwenye daftari la jalada gumu, kila moja na kazi iliyofanya na tarehe, likae kabatini kwako na si kwenye simu.